Osha Injini Kabla Hujamhukumu Dereva

 

Leo somo langu linatoka chini ya boneti. Wengi wenu mnajua kwamba kabla sijaingia kwenye huduma nilikuwa mtu wa spana, hapa hapa Kitengela, na mikono hii ilishika oili miaka mingi kabla ya kushika kipaza sauti. Mpaka leo simu nyingi ninazopokea katikati ya wiki si za maombi. Mtu anaanza na "Pasta, habari ya nyumbani," anauliza watoto, anauliza kanisa, halafu anatoa la moyoni: "Pasta, gari yangu inavuja. Fundi anasema ni gasketi. Nifanye nini?"

Nimeona niandike mara moja, tusome wote. Na kwa sababu mimi ni mchungaji, nitawasimulia pia jambo lililotokea kati ya ndugu wawili wa kanisa letu. Wote wawili wamenipa ruhusa, bila kutaja majina. Gasketi moja ilikaribia kuvunja vitu vikubwa kuliko injini. Soma hadi mwisho, mpendwa.

Kwanza tuelewane: gasketi ni nini?

Injini si chuma kimoja. Ni vipande vingi vilivyofungwa pamoja kwa bolti. Hata ukikisugua chuma kikang'aa namna gani, vipande viwili vikikutana havishikani kabisa. Hubaki vijinafasi ambavyo jicho halivioni lakini oili inaviona. Kwa hivyo katikati huwekwa kitu laini kidogo cha kuziba: mpira, karatasi ngumu, au mabati membamba. Hicho ndicho gasketi.

Ndani ya injini moja kuna gasketi kadhaa, na hazilingani. Ile ya tapeti kava, yaani mfuniko wa juu kabisa wa injini, penye kizibo cha kuwekea oili, inazuia oili tu. Ya sampu, kule chini kabisa, nayo inazuia oili. Ya pampu ya maji inazuia maji. Lakini gasketi ya hedi imebeba mzigo wa watatu: inazuia moto na presha ya silinda, inazuia maji, inazuia oili, na lazima kila kimoja kibaki kwenye njia yake. Hii ikienda, injini inafunguliwa, hedi inatolewa na kupelekwa kupimwa kama imepinda, na mwenye gari anakaa chini kupiga hesabu upya.

Kwa hivyo mtu akikwambia "ni gasketi," usishike kichwa bado. Muulize, "Gasketi ipi? Umeijuaje?" Ya tapeti kava, fundi aliyezoea anaweza kuibadilisha ukiwa umekaa pale ukinywa chai. Ya hedi ni kazi ya siku kadhaa. Jina ni moja, lakini bei ziko mbali kama Kitengela na Namanga.

Sasa kisa.

Ndugu mmoja alinunua Probox kwa mkopo wa sacco. Akampa ndugu mwingine, wanayeketi naye kanisa moja, aiendeshe. Kazi ilikuwa kupeleka mikate na bidhaa za maduka kutoka Kitengela, kupitia Isinya, hadi Kajiado mjini, karibu kilomita 50 kwenda, kisha kurudi. Jioni dereva analeta hesabu ya siku, gari linalala uani kwa mwenyewe. Mambo yalikwenda vizuri karibu mwaka mzima. Walikuwa wakiitana ndugu, na walikuwa wakimaanisha.

Halafu oili ikaanza kupungua. Dereva akasema, "Mzee, gari inataka oili." Mwenye gari akatoa pesa. Wiki iliyofuata tena. Ikafika mahali ni nusu lita kila wiki. Mwenye gari akaanza kuamka mapema kuangalia sakafu ya uani. Ni saruji, na ilikuwa safi. Akafikiri kama mtu mwenye akili anavyofikiri: kama oili inavuja, doa liko wapi? Kama hakuna doa, basi haivuji. Kama haivuji, pesa ya oili inaliwa.

Wakati huo huo moshi ukaanza. Gari likisimama baada ya safari, kunatoka moshi na harufu ya oili iliyoungua. Akalipeleka gereji moja, ambayo sitaitaja. Hawakushika hata tochi. Waliona moshi, wakasikia oili inapungua, wakasema: gasketi ya hedi imekwenda, leta gari tufungue injini. Pesa waliyotaja ilikuwa kubwa kuliko faida ya miezi kadhaa, na mkopo wa sacco haujui kwamba injini imekufa. Kila mwisho wa mwezi unakuja.

Basi yule ndugu akarudi nyumbani na hukumu mbili: injini imekufa, na aliyeiua ni dereva, kwa sababu alikula pesa ya oili akaacha injini ikauke. Jioni hiyo akachukua ufunguo. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nimejua," akafunga geti.

Mimi nilipata habari kutoka kwa mke wa dereva, baada ya ibada ya Jumatano. Alisimama mlangoni mpaka watu wote wakatoka. Hakulia. Alisema, "Pasta, wanasema mume wangu anaiba oili. Hiyo oili anaipeleka wapi? Sisi nyumbani hatupiki na oili ya gari."

Nilitaka kucheka, lakini nikaona uso wake. Karo ya watoto ilikuwa kwenye lile gari. Na zaidi ya karo, jina. Mji wetu umekua lakini steji bado inajua kila mtu. Dereva akishaitwa mwizi wa oili, nani atampa ufunguo mwingine?

Nikampigia mwenye gari. Nikamwambia, "Ndugu yangu, kabla hatujaita wazee wa kanisa, tupeleke gari kwa mzee." Mzee niliyemaanisha ni fundi aliyenifundisha kazi, ambaye bado anafanya kazi upande wa jua kali. Alikubali shingo upande. Dereva naye akaja, akakaa kando juu ya tairi kuukuu.

Angalia jinsi mzee alivyofanya, kwa sababu hapa ndipo penye somo.

Hakufungua boneti. Alianza kwa kuuliza, na hakumuuliza mwenye gari. Alimuuliza dereva, kwa kuwa ndiye anayekaa na lile gari kutwa nzima.

"Kijana wangu, moshi unatokea wapi, nyuma kwenye ekzosi au mbele kwenye boneti?"

"Mbele, mzee."

"Maji unaongeza mara ngapi?"

"Sijawahi kuongeza. Naangalia kila asubuhi, yako palepale."

"Na mshale wa joto?"

"Hausogei, hata nikiwa na mzigo."

Mzee akanitazama. Mimi nikajua tayari anafikiria nini, lakini nikanyamaza, kwa sababu kazi haikuwa yangu.

Mpendwa, jifunze mioshi mitatu. Moshi mweupe, mzito, wenye harufu ya utamu, unaotoka nyuma kwenye ekzosi na hauishi hata injini ikipata joto: hayo ni maji ya kulanti yanaingia kwenye silinda, na hapo hofia hedi. Usiuchanganye na ule mvuke mwepesi wa asubuhi ya baridi ya Julai, ambao huisha wenyewe. Moshi wa bluu kutoka nyuma: oili inaungua ndani ya silinda, mara nyingi ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka. Lakini moshi unaotokea mbele, chini ya boneti, na kunuka oili iliyoungua: mara nyingi ni oili inadondokea ekzosi ikiwa ya moto. Watu wa ile gereji waliona moshi, wakaishia hapo. Hawakuuliza ni moshi gani wala unatoka wapi.

Baada ya maswali mzee akaanza kupima. Injini ilikuwa imepoa, na tafadhali shika hili: kamwe usifungue rejeta ya moto. Maji yale yana presha, yatakurukia usoni. Akafungua, akatazama: maji safi, hakuna utando wa oili juu. Akachomoa kijiti cha kupimia oili: nyeusi ya kawaida, haikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akawasha injini kizibo cha rejeta kikiwa wazi, akasubiri: hakuna mapovu yanayopanda. Akafunga kipimo cha mgandamizo kwenye silinda moja baada ya nyingine: zote nne zikakaribiana. Kila kipimo kilikuwa kinasema hedi ni nzima.

Lakini oili bado ilikuwa inapotea, na hilo ndilo lilikuwa shitaka la dereva.

Mzee akaweka kadibodi chini ya injini, gari likalala pale usiku. Asubuhi tulirudi sote. Kadibodi ilikuwa na matone mawili. Mawili tu. Mwenye gari akageuka akaniambia, "Pasta, umeona? Nusu lita kwa wiki ndiyo matone mawili haya?" Dereva aliinamisha kichwa. Nakwambia ukweli, wapendwa, kama tungeishia pale, yule kijana angetoka hapo mwizi aliyethibitishwa, na ushahidi ungekuwa wa kadibodi.

Mzee akasema, "Gari likilala halina presha wala moto. Nyinyi mnalichunguza likiwa limelala. Hili huvuja likifanya kazi."

Akaifunika altaneta kwa mfuko wa plastiki, akaosha injini yote kwa sabuni ya kutoa grisi na brashi. Barabara yetu ina vumbi, na vumbi hushika palipo na oili, mpaka injini yote ikawa na ukoko mmoja mweusi usioweza kujua ulianzia wapi. Ukoko ule ukaondoka. Akaikausha. Kisha akasema, "Twendeni Isinya."

Tulikwenda wanne, dereva akiendesha. Ilikuwa mara ya kwanza kushika usukani ule tangu anyang'anywe ufunguo. Tukafika Isinya, tukageuza, tukarudi. Hakuna aliyezungumza sana.

Tuliporudi mzee akafungua boneti, akachukua tochi na kakioo kadogo. Akasema maneno ambayo alinifundisha nikiwa kijana: "Oili haipandi. Inashuka, na upepo wa safari unaisukuma nyuma. Usianze pale tone lilipoangukia. Tafuta mahali pa juu kabisa palipolowa."

Akapitisha kioo nyuma ya tapeti kava, mahali ambapo jicho halifiki. Pale palikuwa na uzi mwembamba wa oili mpya, unang'aa. Ulikuwa unashuka polepole, unapita juu ya kiungo cha hedi, na kukilowesha mpaka ungeapa kwamba ndicho kinachovuja. Unaendelea chini, kisha unadondokea bomba la ekzosi. Tone likagusa chuma cha moto, likatoa moshi mbele ya macho yetu.

Ndiyo maana uani hapakuwa na doa. Oili ilikuwa inaungua na kupeperuka barabarani, kila siku, kutoka Kitengela mpaka Kajiado. Hakuna aliyeiba hata kijiko.

Mwenye gari hakusema neno kwa muda mrefu.

Mzee hakuishia hapo, na hii ni sehemu ambayo mafundi wengi wa haraka huiruka. Alishaona panapovuja. Bado alitaka kujua kwa nini. Gasketi yenyewe ilikuwa imekauka kwa umri na joto, ngumu kama ndala iliyosahauliwa juani msimu mzima. Lakini alifungua kizibo cha oili injini ikiwa imewashwa, akaweka kipande cha karatasi juu ya tundu. Kwa kawaida karatasi ile huvutwa ndani kidogo. Hii ilisukumwa juu. Akatoa bridha, kile kivalvu kidogo kinachoiwezesha injini kupumua, akakitikisa. Kinapaswa kulia kama njugu ndani ya debe. Hakikulia. Kilikuwa kimeziba kwa tope la oili.

Wengi hawajui jambo hili. Injini inapochoma mafuta, hewa kidogo yenye presha hupita pembeni mwa ringi na kushuka kwenye tumbo la injini. Hewa ile lazima ipate njia ya kutoka, na njia yake ni kile kivalvu. Kikiziba, presha inajaa ndani na kusukuma oili kutafuta mahali dhaifu. Ukiweka gasketi mpya bila kugusa kivalvu, baada ya muda utarudi tena gereji, na utasema gasketi zilikuwa feki.

Mwenye gari aliuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, si tupake silikoni tu tupunguze gharama?" Mzee akamjibu, "Silikoni haishiki juu ya oili na uchafu. Na ukiijaza, ile inayozidi inaminywa ndani, inakatika, inashuka hadi kwenye chujio la sampu na kuinyima injini oili. Utaziba nje uue ndani." Akasafisha, akaweka gasketi mpya na kivalvu kipya, akakaza bolti kwa kiasi, zamu kwa zamu, kwa sababu ukikaza sana unaiminya gasketi na inavuja tena. Gharama yote haikufika hesabu ya siku mbili.

Sasa mtu asiseme Pasta amefundisha kwamba hedi haifi. Inakufa. Ukiona maji yanapungua na huoni yanapotokea, mapovu kwenye rejeta, oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, hozi ya juu inakuwa ngumu kama jiwe dakika chache baada ya kuwasha gari likiwa baridi, au mshale unapanda, simamisha gari. Usijikaze ufike nyumbani. Hedi ya aluminiamu ikichemshwa hupinda, na kilomita kumi za ubishi zinaweza kugeuza gasketi kuwa injini nzima. Mwambie fundi apime kwanza: presha ya maji, mgandamizo wa silinda, na ile dawa ya bluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta, ambayo hugeuka njano ikikutana na moshi wa silinda.

Na sisi wa huku tuwe waangalifu zaidi. Tunaishi juu, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Huku maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 95, si 100 kama Mombasa. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni ile presha inayoshikiliwa na kizibo cha rejeta. Kizibo kikilegea, gari litachemka na utaambiwa ni hedi, kumbe ni kizibo. Na mnajua maji yetu ya borehole yana chumvi. Chumvi ile huacha ukoko na kutu ndani ya rejeta. Weka kulanti, mpendwa. Usiipe injini maji ambayo wewe mwenyewe huyataki kwenye chai.

Turudi kwa wale ndugu.

Usiku ule nilisoma Mwanzo sura ya 44. Mnakijua kisa. Yusufu anaagiza msimamizi wake aweke kikombe cha fedha kwenye gunia la Benyamini. Ndugu wanafuatwa njiani, magunia yanashushwa, upekuzi unaanza kwa mkubwa na kuishia kwa mdogo, na kikombe kinapatikana. Kimo ndani ya gunia lake. Wote wameona. Ni kesi gani ingekuwa nyepesi kuliko hiyo? Lakini Benyamini hakuiba kitu. Kikombe kilikuwa kwake, na hakikutoka kwake.

Oili ilipungua mikononi mwa dereva. Kiungo cha hedi kilikuwa kimelowa. Vyote viwili vilikuwa kweli, na havikuwa chanzo. Ninyi mnaokaa na watu kwenye kazi, kwenye chama, kwenye ndoa, nawasihi: mahali jambo linapoonekana na mahali linapoanzia si lazima pawe pamoja. Mtoto ameshuka darasani, anaitwa mvivu. Mke amekuwa mkali jikoni, anaambiwa ana roho fulani. Mweka hazina hesabu yake imepungua, anaitwa mwizi kabla vitabu havijafunguliwa. Labda ni kweli. Labda. Lakini umeosha injini? Umetafuta mahali pa juu palipolowa? Umemuuliza yule anayekaa na gari kutwa, au umemuuliza kila mtu isipokuwa yeye?

Na usimchunguze mtu akiwa amelala. Jumapili sote tumekaa kwenye viti, tumevaa vizuri, kadibodi zetu ni safi. Mtu huvuja akiwa kazini, akiwa na mzigo, akipanda mlima. Ukitaka kumjua ndugu yako, safiri naye mpaka Isinya.

Mwenye gari alifanya la heshima. Hakutuma ujumbe kwa simu. Alikwenda nyumbani kwa dereva, akakaa, akaomba msamaha mbele ya mke na watoto, akarudisha na pesa ambazo dereva alikuwa ametoa mfukoni mwake kununua oili zile wiki ambazo aliona aibu kuomba. Kisha akamwekea ufunguo mezani.

Dereva alimsamehe. Wameomba pamoja, nami nilikuwepo. Lakini ufunguo hakuuchukua. Alisema kwa upole, "Mzee, nimekusamehe kabisa, lakini nitaendesha nikisikiliza mgongoni." Alikaa wiki kadhaa bila kazi, kisha akapata lori. Jumapili wanasalimiana, na salamu ile si ya unafiki. Lakini hawafanyi kazi pamoja tena.

Nimeambiwa nimalizie kisa hiki kwa utamu zaidi. Siwezi, kwa sababu ndivyo kilivyokwenda. Gasketi ilibadilishwa asubuhi moja, kwa pesa kidogo. Kilichokauka kati ya wale wawili hakikuuzwa dukani. Msamaha ulikuja, na ulikuwa wa kweli, lakini neno "Nimejua" lilikuwa limeshasemwa getini, na mke na watoto walikuwa wamelisikia. Laiti tochi ingewashwa siku moja mapema.

Kwa hivyo wiki hii nakupa kazi mbili, mpendwa. Kama una gari, liangalie asubuhi likiwa baridi: oili, maji, kizibo, na huku juu ya injini kama pamelowa. Andika kwenye daftari umeongeza nini na lini, wewe na dereva wako, ili siku ya swali kuwe na jibu. Na kama kuna mtu ambaye tayari umemhukumu moyoni, ambaye umemwambia au uko karibu kumwambia "Nimejua," subiri. Mwite. Muulize yeye mwenyewe, kwa upole, kama mzee alivyomwita yule dereva "kijana wangu" kabla hajafungua boneti.

Tuombe. Baba, wewe unayeona nyuma ya kila mfuniko, tupe subira ya kuchunguza kabla ya kusema. Walinde wale ambao jina lao liko mikononi mwetu. Na yule ambaye leo ameitwa mwizi bila kuiba, mshike, mpe kazi, mpe mtu wa kusimama naye. Katika jina la Yesu.

Kama umeomba nami, andika Amina. Halafu mtumie ujumbe huu mtu mmoja mwenye gari, na mtu mmoja mwenye mfanyakazi. Mbarikiwe, na tuonane Jumapili.